Pipa la Mbono Likoni: Uchambuzi wa Kisa cha Biodizeli Iliyogeuka Sabuni

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kikundi cha wavuvi na wachuuzi wa samaki cha Likoni, Mombasa, ng'ambo ya kivuko, ambacho kina jenereta ya dizeli ya kuendeshea mafriza pindi stima inapopotea. Bei ya dizeli ilipozidi kuwaelemea, wanachama waliamua kutengeneza mafuta yao wenyewe kutokana na mbegu za mbono kaburi, mti ambao katika vijiji vingi vya Kwale na Kilifi husimama kama ua wa shamba, hauliwi na mbuzi wala haugombewi na mtu. Walinunua mbegu, wakazikamua kwa mashine ya kuazima, wakapata lita 100 za mafuta. Mafuta hayo waliyapasha moto, wakayaondoa jikoni, kisha wakayachanganya na methanoli, aina ya alkoholi ya viwandani, iliyoyeyushiwa kostiki soda, kwa kufuata vipimo walivyofundishwa na mtu waliyemwamini. Asubuhi yake, mahali ambapo walitarajia kukuta biodizeli ya rangi ya dhahabu juu na gliserini nyeusi chini, hawakuona mgawanyiko wowote. Waliongeza kostiki. Pipa likawa uji mzito wa rangi ya kahawia, usiomiminika, usiowaka, na usiofaa hata kuuzwa.

Niliitwa kueleza kosa lilikuwa wapi. Wanachama wenyewe walikuwa na dhana tatu: kwamba methanoli ilichakachuliwa, kwamba joto halikutosha, au kwamba pipa lilikorogwa kwa muda mfupi. Dhana hizo zote zinatazama pipa, na ni jambo la kawaida, kwa kuwa pipa ndilo lililowatia hasara machoni pao. Ushahidi, hata hivyo, unaelekeza kwingine. Hatima ya mafuta yale ilikuwa imekwisha kuamuliwa wiki nyingi kabla methanoli haijanunuliwa, ndani ya magunia ya mbegu, na kipimo kidogo cha dakika chache kingelifichua jambo hilo kabla ya shilingi moja ya kemikali kutumika.

Ili hoja hii ieleweke, ni lazima kwanza kueleza kinachotendeka pipani. Mafuta ya mimea, yawe ya kuliwa au yasiyoliwa, yameundwa kwa asidi tatu ndefu za mafuta zilizoshikiliwa na gliseroli. Mafuta ya namna hiyo ni mazito mno kwa injini ya kisasa: mnato wa mafuta ya mbono kaburi katika nyuzi 40 za Selisiasi ni takriban milimita za mraba 35 kwa sekunde, ilhali kiwango cha Marekani cha ASTM D6751 kinataka biodizeli iwe kati ya 1.9 na 6.0. Methanoli, ikisaidiwa na kichocheo kama kostiki soda, huingia mahali pa gliseroli na kuziachanisha asidi zile tatu, kila moja ikiondoka na methanoli yake. Hizo ndizo esta tunazoziita biodizeli, na mnato wake hushuka hadi kati ya 4 na 5. Gliseroli iliyoachwa, ikiwa nzito kuliko esta, huzama chini, na uzito wake huwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa mafuta yaliyotumika. Kihesabu, molekuli moja ya mafuta huhitaji molekuli tatu za methanoli, lakini kwa kuwa mmenyuko huu huweza kurudi nyuma, watengenezaji huweka sita ili kuusukuma mbele. Joto linalofaa ni karibu nyuzi 60, chini kidogo ya nyuzi 64.7 ambapo methanoli huchemka.

Maelezo hayo ni ya kweli kwa mafuta ambayo asidi zake zote zingali zimeshikwa na gliseroli. Zikiwapo asidi zilizokwisha kuachana nayo, yaani asidi huru, kostiki soda haishughuliki tena na kazi ya kuchochea. Huikimbilia asidi huru kwanza, kwa kasi kubwa kuliko mmenyuko mwingine wowote pipani, na kutokana nazo hutengeneza sabuni na maji. Ndiyo maana mafundi huchukua asilimia 1 ya asidi huru kuwa mpaka: chini yake njia ya kostiki peke yake inafaa, mafuta yakiuvuka kwa mbali, njia hiyo haifai, hata fundi awe hodari namna gani.

Kwa bahati njema, kikundi kilikuwa kimebakisha mafuta kidogo katika jerikeni, na hayo ndiyo niliyoyapima. Kipimo chenyewe ni rahisi. Mililita moja ya mafuta huyeyushwa katika mililita 10 za isopropanoli, kisha hutiwa tone kwa tone maji yenye gramu moja ya kostiki kwa lita, mpaka kiashirio kibadilike rangi na kubaki hivyo kwa nusu dakika. Kiashirio cha maabara ni finolfthaleini, lakini hata manjano ya jikoni hufanya kazi hiyo, kwa kuwa hugeuka kutoka rangi ya njano kuwa nyekundu asidi inapokwisha na kostiki kuanza kuzidi. Kila mililita inayotumika ni ishara ya gramu moja ya ziada ya kostiki ambayo kila lita ya mafuta itaimeza bila faida. Mafuta mapya ya kupikia hayafiki mililita moja. Yaliyokaangiwa viazi karai kwa siku kadhaa huweza kufika mbili au tatu. Mafuta ya mbono ya kikundi hiki yalitaka karibu mililita 12, ambazo zikibadilishwa kwa hesabu ni takriban asilimia 9 ya asidi huru.

Hapo kisa kizima kinafunguka, na hesabu yake inastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Lita 100 za mafuta zina uzito wa kilo 92 hivi, na asilimia 9 ya uzito huo ni kilo 8.3 za asidi huru. Kipimo walichofundishwa cha gramu 3.5 za kostiki kwa lita, ambacho kimekusudiwa mafuta safi ya kupikia, kiliwapa gramu 350. Ili kuzimaliza kilo 8.3 za asidi zilihitajika takriban gramu 1,180 za kostiki. Maana yake ni kwamba gramu zote 350 ziliisha kabla hazijafika hata theluthi ya asidi, na hapakubaki kichocheo cha kuachanisha mafuta na gliseroli. Asubuhi ya kwanza pipa halikugawanyika kwa sababu hapakuwa na cha kugawanyika: gliserini haikuwa imetoka. Kilichokuwamo ni mafuta yaleyale, methanoli, na kilo mbili na nusu hivi za sabuni zilizovifungamanisha pamoja.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoliua pipa. Waliambiwa kwa simu waongeze kostiki, wakaongeza mara kwa mara hadi jumla ikafika kama kilo moja na nusu. Mweka hazina wa kikundi, mama ambaye daftari lake la matumizi lilinisaidia kuliko maelezo ya mtu mwingine yeyote, aliniuliza, "Mwalimu, basi tungeongeza ngapi ndiyo ikubali?" Swali lake ni la msingi na linahitaji jibu kamili. Kilo moja na nusu ilitosha kuzimaliza asidi zote na kubakisha kiasi cha kuchochea mmenyuko wa kweli; inawezekana kabisa kwamba sehemu kubwa ya mafuta iligeuka kuwa biodizeli saa hizo hizo. Lakini wakati huohuo zilitengenezwa takriban kilo 9 za sabuni ya sodiamu, na sabuni hiyo, mafuta yalipopoa, iliifumbata biodizeli, gliserini na methanoli pamoja na kuzigandisha. Basi nilimjibu, "Mama, hakuna kipimo cha kostiki kingalikubali. Kidogo hakifanyi kazi, na kingi kinafanya kazi mbili kwa pamoja, na ile mbaya ndiyo inayoshinda." Walipojaribu kuliosha pipa kwa maji, kama biodizeli inavyooshwa, waliipa sabuni ile kitu pekee iliyokuwa imekikosa, na mchanganyiko ukawa mzito na mweupe zaidi.

Asidi hizo zilitoka wapi? Mbegu ya mbono kaburi, kama mbegu nyingine za mafuta, hubeba ndani yake vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuyavunja mafuta ili kuulisha mche mchanga unapoanza kuota. Unyevu ndio unaoviamsha. Mbegu iliyokauka vizuri hukaa na mafuta yake salama kwa miezi, lakini mbegu iliyookotwa chini wakati wa masika, ikatiwa katika gunia la nailoni lisilopumua na kurundikwa kwenye sakafu ya saruji katika stoo ya Pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu mwingi, huanza kuyavunja mafuta yake mwenyewe, na kuvu husaidia kazi hiyo. Nilipowauliza, ndivyo ilivyokuwa: mbegu zilikusanywa na watoto na akina mama baada ya mvua, zikalipiwa kwa uzito, na zikakaa stoo mpaka zilipotimia za kutosha kukamuliwa. Kununua mbegu kwa uzito bila kuzikagua ni kununua maji kwa bei ya mafuta. Tena si maji tu, kwa sababu kila gunia bichi huharibu magunia makavu linalowekwa nayo.

Kwa mashine ndogo ya kukamua, lita moja ya mafuta huhitaji takriban kilo 4 za mbegu, kwa hiyo lita 100 ziligharimu kama kilo 400. Hapa pana jambo ambalo limewahi kuwaumiza wakulima wa Kenya kwa upana zaidi, na linafaa kutajwa kwa sababu kikundi hiki kilikuwa kikifikiria kukodi shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbono kaburi ulinadiwa kama mti wa utajiri unaostawi jangwani bila mbolea wala maji. Mwaka 2009, uchunguzi wa mashambani uliofanywa na Endelevu Energy pamoja na vituo vya utafiti wa misitu ICRAF na KEFRI, kwa ajili ya shirika la Ujerumani la GTZ, ulionyesha kwamba mazao kwa wakulima wadogo yalikuwa hafifu na kilimo chake hakikulipa, na ukashauri mti huo upandwe kama ua tu. Ushauri huo ungali sahihi, nami niliurudia Likoni bila kuulainisha: mbegu za ua ambao tayari upo zinafaa kukusanywa, lakini kung'oa mihogo ili kupanda mbono ni kujitafutia njaa.

Wengine katika kikundi walitaja meli. Walisikia, na ni kweli, kwamba mnamo Oktoba 2022 shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea yaliyokamuliwa Makueni na kampuni ya Italia ya Eni iliondoka bandari ya Mombasa kwenda kwenye kiwanda cha Gela, Sicily, na kwamba miongoni mwa malighafi za mradi huo ni mbarika na kroton. Ikiwa Waitalia wanaweza, kwa nini sisi tusiweze? Jibu ni kwamba kazi inayofanyika Gela ni nyingine kabisa. Kule mafuta hukutanishwa na haidrojeni kwa shinikizo kubwa na joto kali, oksijeni ikaondolewa, na kinachotoka ni dizeli inayofanana kikemia na ile ya mafuta ghafi. Njia hiyo haitumii kostiki, kwa hiyo asidi huru hazigeuki sabuni. Nazo hugeuzwa kuwa mafuta kama zile nyingine. Pipa la Likoni halina uwezo huo. Fundi mdogo hana budi kuwa mkali juu ya mbegu kuliko kiwanda kikubwa, na jambo hili linawapita wengi wanaodhani kwamba udogo unaruhusu ulegevu.

Je, mafuta yenye asilimia 9 ya asidi yangeweza kuokolewa? Naam, kwa njia ya hatua mbili. Katika hatua ya kwanza hutumika asidi ya salfa badala ya kostiki, kwa kuwa yenyewe hugeuza asidi huru kuwa esta bila kutengeneza sabuni. Kanuni inayotumiwa sana ni gramu 2.25 za methanoli na gramu 0.05 za asidi ya salfa kwa kila gramu ya asidi huru. Kwa pipa hili ni kama lita 24 za methanoli na gramu 415 za asidi. Baada ya saa moja au zaidi kwenye joto la nyuzi 60 mchanganyiko huachwa utulie, methanoli iliyobeba maji ikaelea juu, ikaondolewa, na mafuta yakapimwa tena. Yakishuka chini ya asilimia 1, ndipo hatua ya kostiki hufuata, ikiwa na lita 26 nyingine za methanoli. Jumla ni lita 50 za methanoli kwa lita 100 za mafuta. Sehemu kubwa ya methanoli hiyo haimezwi na mmenyuko na ingeweza kurudishwa kwa kukenekwa, lakini kikundi hakina mtambo wa kukeneka, na kuikeneka methanoli juu ya jiko la makaa ni jambo ambalo sitalishauri kwa mtu yeyote. Kwa hali yao, njia ya hatua mbili ni ya kweli kikemia na ni hasara kibiashara. Kwa kuwa bei ya dizeli hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kila mwezi, mweka hazina anaweza kulinganisha mwenyewe. Tulipoweka gharama ya methanoli peke yake kwenye daftari, hesabu haikusimama.

Kwa sababu hiyohiyo niliwaomba wasiharakishe kuhamia mbegu nyingine za Pwani kwa kudhani kwamba ubaya ulikuwa wa mbono. Mafuta ya tondoo, yanayotokana na mtondoo unaoota ufuoni, huwa na asidi huru zinazoweza kufika asilimia 20, na yangewapa sabuni nyingi zaidi. Mbarika una tatizo la namna yake: asidi yake kuu, asidi ya risinoleiki, huyafanya mafuta kuwa mazito hata baada ya kugeuzwa esta, na biodizeli yake peke yake huvuka kikomo cha mnato kwa mbali. Msufi na mwarobaini hutoa mafuta yanayoweza kutumika, lakini nayo hupimwa kwanza.

Kuna mambo mawili ya usalama ambayo yalinitia hofu kuliko pipa lililoganda. La kwanza ni methanoli. Mvuke wake hushika moto hata penye joto la nyuzi 11, yaani wakati wote Mombasa, mchana na usiku. Mwali wake hauonekani vizuri juani, kwa hiyo mtu huweza kuungua bila kuona moto. Na ikinywewa, hata kidogo, hupofusha na kuua. Nilikuta imewekwa katika chupa za maji ya kunywa, ndani ya chumba wanamopita watoto. Chupa hizo ziliondolewa siku hiyohiyo, na methanoli ikatiwa katika jerikeni moja lenye alama, nje ya nyumba, penye kivuli na hewa. La pili ni mashudu. Mashudu ya mbono kaburi yana sumu, esta za foboli na protini iitwayo curcin, na kuyapasha moto hakuziondoi esta hizo; mtu mmoja alikuwa ameahidi kuyapeleka kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Yanafaa kuwa mbolea shambani au kulisha mtambo wa biogesi.

Uji uliobaki pipani haukuhitaji kutupwa katika mkondo wa bahari, kama ilivyopendekezwa. Sabuni hugeuzwa tena kuwa asidi za mafuta kwa kutiwa asidi kidogo kidogo, na hapo tabaka za mafuta na maji huachana zenyewe. Kilichopatikana juu hakikuwa mafuta ya injini, na kikundi hakikudanganywa kuhusu hilo. Nilisisitiza pia kwamba kisichomwe ndani ya nyumba wala kisitengenezwe sabuni ya kuogea, kwa kuwa methanoli ilikuwa bado imo.

Makubaliano tuliyofikia yanahusu mbegu kuliko pipa. Matunda yatachumwa mtini yakiwa ya njano au yameanza kuwa kahawia, wala hayataokotwa chini. Mbegu zitaanikwa kivulini juu ya mikeka iliyoinuliwa mpaka zivunjike kwa mlio zinapopondwa. Zitawekwa katika magunia ya katani juu ya mbao, mbali na ukuta. Na zitakamuliwa mapema badala ya kungoja lundo. Kila muuzaji atakamuliwa sampuli mbele yake na kupimiwa kwa matone. Itakayomeza chini ya mililita 2 italipwa bei kamili, itakayomeza zaidi italipwa kidogo na mafuta yake yatauzwa kwa watengenezaji wa sabuni za kufulia, ambao asidi huru haiwadhuru kitu. Jaribio lijalo litafanyika kwa lita moja katika chupa ya kioo kabla ya lolote kumiminwa pipani, na biodizeli itakayopatikana itaoshwa, itakaushwa, na kuchanganywa na dizeli ya kituo kwa sehemu moja kwa nne. Kichujio cha jenereta kitabadilishwa mapema baada ya tangi la kwanza, kwa sababu biodizeli huyeyusha uchafu uliokuwa umeganda tangini kwa miaka, na mipira ya mpira wa kawaida kwenye njia ya mafuta itaangaliwa kila wiki isije ikavimba na kuvuja.